Mlango Usiouliza

Mlango ulisikia vizuri. Hilo halikubishaniwa na mtu yeyote baadaye, hata na fundi Hango, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa kati ya mlango na fremu wakati neno linasemwa.

Nyumba ya mashahidi iko mwisho wa barabara ya mawe, nje ya Singida, chini ya mitambo ya umeme wa upepo. Hakuna nyumba nyingine baada yake. Wakati huo walikaa humo wanawake sita waliokuwa wakisubiri kutoa ushahidi katika kesi ya mauaji ya kisimani. Milango ya zamani ilikuwa imevunjwa mwezi uliopita, wakati wanawake walikuwa bado saba.

Kwa hiyo ililetwa milango mitatu ya aina mpya, na mafundi wakaambiwa waifanyie kazi ikiwa macho. Masharti ya serikali yalisema kwamba nyumba yenye mashahidi isikae hata saa moja bila mlango unaosikia. Mlango wa kwanza ulikwenda bila tatizo. Wa pili ulikuwa umeshaning'inia kwenye bawaba zake. Hango aliegemea fremu, akaingiza vidole kupapasa kama bawaba ya chini imekaa sawa, akamwambia mwenzake Zaina, aliyechuchumaa na spana mkononi:

"Haya, funga."

Zaina akaanza kuzungusha bolti. Mlango ukajifunga.

Ulikuwa na uzito wa kilo mia tatu na nguvu ya mota juu yake. Hango alisema "achia." Akasema "rudi." Mwishowe, kwa sauti ambayo Zaina hakuwahi kuisikia kwake, akasema "fungua," na mlango haukufungua, kwa sababu ulitengenezwa hivyo. Kuufunga aliweza mtu yeyote, kwa kuwa mwenye hofu hachagui nani apige kelele. Kuufungua waliweza wakazi tu, ambao sauti zao ulizijua.

"Mlango umefungwa," ukasema, kwa sauti ya utulivu. "Mko salama."

Joha Ntandu, afisa usalama wa saiti, alikuwa uani akikagua mnyororo wa winchi. Alikimbia. Aliyefika kwanza, kutokea ndani, alikuwa mkazi mmoja aitwaye Sabina, mwanamke wa makamo, mikono yake imejaa unga wa chapati. Aliona vidole vinne vya glovu vimetokeza upande wake.

"Fungua," akasema, na mlango ukafungua palepale.

Hospitalini mjini walimkata Hango vidole viwili. Vingine walisema vingoje.

*

Kwa fundi, mlango hufungwa siku unapowekwa ukutani. Mlango ukishafungwa ndipo watu wanapoanza kuufunga na kuufungua. Bolti hufungwa, bawaba hufungwa, waya hufungwa, na jioni mafundi hufunga kazi. Waliouzoesha mlango Kiswahili walikuwa wamekusanya mazungumzo majumbani, madukani na maofisini. Hawakupita saiti. Mlango ulilijua neno hilo kwa maana moja, na uliijua barabara.

Joha alianza na njia rahisi. Kwenye kikao cha asubuhi aliwasimamisha mafundi mbele ya kontena la vifaa, kofia kichwani, akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo mlango unasimikwa, bolti inakazwa, bawaba inabanwa.

"Lile neno lingine hatulitumii karibu na mlango ulio macho. Mnaelewa?"

"Na Ramadhani ikifika, dada?" Zaina akauliza. "Tutakuwa tunafanya nini?"

"Mtafanya kimya kimya."

"Na mkanda wa suruali?"

"Zaina."

"Nauliza tu. Mimi nataka kufuata usalama."

Joha hakuwaamini, wala hakuamini kikao. Alichukua sikio la akiba la mlango, kiboksi kisichounganishwa na mota yoyote, akakiweka juu ya pipa katikati ya uwanja, kikiwa kimepangwa kulia kila kitakaposikia neno lile. Kisha akawapa kazi ya kuunganisha fremu ya tatu chini, mbali na nyumba.

Kilikuwa kimya kwa muda. Mafundi walisema "simika" kwa majivuno, kama watu waliovaa viatu vya mtu mwingine. Fundi mmoja alianza, akajikohoza, akamalizia na "kaza," na wenzake wakampigia makofi. Halafu kazi ikanoga, na kiboksi kikaanza kulia. Kililia kwa bolti, kikalia kwa kamba, kikalia kwa fundi aliyempigia mkewe simu na kumwambia afunge mbuzi. Zaina alihesabu kwa sauti mpaka alipochoka. Wakati wa chakula Joha alisimama mbele yao kusema matokeo.

"Kama hiki kingekuwa mlango, leo ningekuwa nimewapoteza watu watano," akasema. "Basi. Tutaangalia njia nyingine. Nafunga kikao."

Kiboksi kikalia.

Hakuna aliyecheka mpaka Zaina aliposema, "Watu sita."

*

Felista Shayo, meneja wa mradi, alimpokea Joha ndani ya kontena lililokuwa ofisi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwa mbaya.

"Kuna kusita," akasema. "Ni mpangilio umo ndani ya mlango, haujawashwa. Ukisikia neno, unauliza kwanza. 'Nifunge?' Unasubiri sekunde mbili. Mtu akikataa, unaacha. Asipojibu, unafunga."

"Halafu tukimaliza kazi tunauondoa?"

"Hauondoki."

Joha alilijua jibu, ila alitaka lisemwe na mtu mwingine. Milango yote ya nyumba moja ilikuwa na akili moja, na akili hiyo ilijifunza bila kusahau. Watengenezaji walifanya hivyo kwa makusudi: mlango unaoweza kusahaulishwa ungesahaulishwa na yeyote mwenye bunduki au fedha. Ukiufundisha kusita asubuhi kwa ajili ya fundi, utasita usiku kwa ajili ya muuaji.

"Mwezi uliopita," Joha akasema, "wale watu walitoka kwenye gari mpaka ndani kwa muda gani?"

"Sijui. Muda mfupi."

"Sekunde mbili ni nyingi."

"Dada Joha, nina fundi aliyekatwa vidole na mafundi wanaoniambia hawaugusi ule mlango. Nina wanawake sita wanaolala na mlango mmoja mzima, mmoja ulioning'inia na tundu moja lililozibwa kwa mbao. Sahihi ni yako, mimi siwezi kuiweka. Lakini ukiniambia kusita hapana, niambie na kitu ambacho ni ndiyo."

Joha alisema atampa jibu kesho yake.

Alikwenda hospitali. Hango alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, anakula chungwa alilomenyewa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Mama usalama," akasema. "Umekuja kunipa kofia?"

"Nimekuja kukuuliza. Ungekuwa wewe, ungewasha kusita?"

"Ningekuwa mimi wa nje au mimi wa ndani?"

"Wewe wa nje."

"Wa nje ningewasha jana." Akatafuna. "Yule mama alinitoa, unajua. Mwenye unga. Alikuja mbio wakati mimi mwenyewe nataka kukimbia. Usiniulize mimi peke yangu."

*

Sabina alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, sebuleni, mgongo umeelekea ukuta. Joha alikaa chini bila kukaribishwa mara ya pili. Alimweleza yote: neno, mafundi, kusita, akili isiyosahau. Sabina alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo wakija tena," akasema, "mimi napiga kelele, na mlango unaniuliza kama nina hakika."

"Sekunde mbili, mama."

"Mariamu, yule wa saba, alikuwa amelala hapo ulipokaa wewe. Sisi tulikuwa chumba cha nyuma. Alikuwa na miguu mirefu, angefika." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Alikuwa anahitaji sekunde hizo hizo mbili ulizozitaja."

Joha alisogea kidogo kutoka pale alipokaa.

"Kwa nini mlango uwe macho wakati wanaufunga?" Sabina akauliza. Alitumia neno lile lile la mafundi, bila kuwaza.

"Masharti. Msikae bila ulinzi."

"Aliyeandika hayo masharti alikuja kutuuliza?"

"Sijui. Sidhani."

"Ulazeni. Wafanye kazi yao mlango ukiwa umelala, wakimaliza muuamshe. Mkono wa mtu hautabanwa, na mlango hautakuwa na haja ya kufundishwa kusita."

"Akili ni moja. Ukilala mmoja, yote imelala. Miwili itabaki imejifunga tu, na wa tatu utakuwa tundu. Mchana mzima. Hamtakuwa hata na njia ya kutokea nyuma."

"Nimeelewa."

"Wengine watakubali?"

"Nitawauliza. Ndiyo kazi ambayo nyinyi hamkuifanya." Sabina akapeta mchele mara moja. "Ila na wewe ukae humu ndani. Si uani na kofia yako. Hapa, na sisi, mpaka wamalize."

Joha alifikiri juu ya hilo kwa muda ambao yeye mwenyewe aliuona ni mrefu. Kitabu cha kazi yake kilisema hatari iondolewe kabisa kabla ya kufikiria kuipunguza. Hakikusema kitu kuhusu hatari isiyoondoka ila inahama tu, kutoka kwenye vidole vya mtu hadi kwenye shingo ya mwingine.

"Nitakaa," akasema.

*

Wakazi wote sita walikubali, mmoja akilia. Akili ililazwa baada ya chakula cha mchana, kisha mlango wa pili ukamaliziwa, ukasukumwa ukajifunga. Polisi wawili waliwekwa kwenye kituo cha chini, kule barabara ya mawe inapoanza, na redio. Mbao zilizoziba tundu la mbele zikaondolewa, na upepo ukaingia sebuleni ukageuza kurasa za gazeti lililokuwa mezani.

Nje mafundi walisema kila walichotaka.

"Funga mnyororo."

"Umefungwa."

"Funga vizuri, unafunga kama unafunga kitenge."

Kila neno liliposemwa, wanawake ndani waliinua vichwa kutazama tundu. Joha alijikuta akifanya hivyo pia. Alikuwa amekaa mahali ambapo Mariamu alilala. Hakupachagua, mahali pengine pote palikuwa na mtu.

Hango alikuwepo, kinyume na amri ya daktari na ya Joha. Alisimama kando, mkono kifuani, akiwaelekeza wenzake kwa kidevu. Winchi iliuinua mlango, ukapita mbele ya tundu, jua likapungua, ukaketi kwenye bawaba ya juu. Zaina akaifunga ile ya juu kwa bolti zake zote. Ya chini ilikuwa bado. Katika hali hiyo mlango ni kama mtu aliyeshikwa sikio: ukiusukuma utageuka, lakini unaweza pia kung'oka na kuangukia upande wowote. Winchi ilikuwa imeulegezea mnyororo ili upate kukaa. Kanuni ilikuwa moja, na Joha ndiye aliyewafundisha: hakuna kuusogeza mlango wa bawaba moja.

Redio mkononi mwa Joha ikasema kwamba gari limepita kituo bila kusimama.

Ilisema mara moja, kisha ikakoroma. Kupitia upenyo uliobaki Joha aliona vumbi likipanda barabara ya mawe, na mbele ya vumbi gari jeupe lisilo na namba. Hakuna aliyefika mwisho wa barabara ile kwa kupotea njia.

Sabina alisimama. Ungo ukaanguka.

"Funga," akasema. Hakupiga kelele. "Funga, funga."

Zaina alikuwa nje, magoti chini, spana mkononi, bega lake likigusa mlango. Aliinua uso, akachungulia kupitia upenyo, akampita Sabina kwa macho, akamtazama Joha.

"Funga ipi, dada?"

Lilikuwa swali la fundi. Kama ni kuufunga mlango, angeusukuma sasa hivi, yeye na wenzake wawili, ukiwa na bawaba moja, na wao wakiwa upande ambao ungeangukia. Kama ni kuifunga bawaba, kulikuwa na bolti nne, na tundu lingebaki wazi mpaka mbili angalau ziingie.

Joha alisikia pumzi ya Sabina nyuma yake. Alifahamu kwamba kusita ndiko huku, kwamba mlango usingekuwa na uso kama wa Zaina, na kwamba muda ulikuwa unapita wakati yeye anafahamu.

"Bawaba," akasema.

Zaina akainama. Hango akapiga magoti kando yake, akaingiza bolti kwenye tundu lake kwa mkono wa kulia, akaishikilia kwa ncha za vidole, karibu na ukingo wa chuma. Spana ikazunguka. Bolti ya kwanza ikaingia. Gari lilifika kwenye uzio. Bolti ya pili ilikataa, Zaina akaitoa, akaigeuza, akairudisha. Milango ya gari ilisikika ikifunguka. Mmoja wa wanawake alikuwa ameanza kusali kwa Kinyaturu, haraka, bila kupumua.

"Sukuma," Hango akasema, na watatu wale wakausukuma mlango ukafunga, wao wakiwa nje.

Ndani kukawa giza. Joha aliweka komeo la mkono, lile la dharura, na kubaki amelishika. Alisubiri kusikia kitu. Alisikia upepo, mitambo juu ya kilima, sauti ya mwanamume mmoja akiuliza jambo na sauti ya Zaina ikijibu kwa urefu. Kisha milango ya gari tena. Kisha injini, ikienda mbali.

Zaina aligonga. "Wameondoka."

Walikuwa wanaume wawili, alisema baadaye. Waliuliza kama hapa ndipo kwa mwekezaji wa mitambo. Mmoja alikojoa kwenye jiwe huku akiutazama mlango. Zaina aliwaambia hapa ni ghala la mbolea, na kwamba wanasubiri lori. Polisi walifika baada yao. Gari halikupatikana, wala hakuna aliyejua kama wangefanya lolote.

*

Jioni, kabla ya kuuamsha mlango, Felista Shayo alifika na kifaa chake. Kioo kilionyesha swali moja: na kusita au bila kusita. Kidole kilichotakiwa kilikuwa cha Joha.

Sabina alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje. Mafundi walikuwa hatua chache mbele yake, wamechoka, wanakunywa maji.

"Ulichagua wao," Sabina akamwambia Joha.

"Ndiyo."

"Wangekuwa ni wenyewe, tungekuwa wangapi sasa?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui." Alimtazama Hango, akautazama ule mkono wa bandeji, kisha ule mwingine. "Na angeangukiwa tungekuwa wangapi. Nimepiga hesabu hiyo tangu waondoke. Haikamiliki."

Zaina aliweka chupa chini. "Mama, mimi nakwambia ukweli. Mkiwasha kusita nitakuja kuutengeneza siku yoyote mtakayoniita. Msipowasha, siugusi ukiwa macho. Wala simruhusu mtu wangu auguse."

"Usiuguse," Sabina akasema. "Bila kusita. Siku ukiharibika tutaulaza, mtaufungua wote, na sisi tutakaa hivi hivi kama leo. Nimewauliza wenzangu. Wamekubali."

"Na huyu?" Zaina akamwonyesha Joha kwa kidevu.

"Huyu atakuwa ndani."

Shayo alianza kusema kwamba masharti ya serikali hayaruhusu, akaacha katikati. Joha aliwaza kwamba atapaswa kuandika barua kuhusu masharti hayo, kwamba huenda asijibiwe, na kwamba milango huharibika. Angeweza kuhama kazi. Angeweza kuhamishwa. Sabina alikuwa anamsubiri.

"Nitakuwa ndani," akasema, na akabonyeza.

Taa ndogo juu ya fremu ikawaka kijani. Mlango ulikuwa macho.

Na mafundi, ambao siku nzima walikuwa hawajanyamaza, wakanyamaza. Zaina alikusanya spana moja moja bila kuzigonganisha. Hango alimnyooshea mwenzake kidole, akaonyesha mnyororo, akaonyesha gari. Mtu mmoja alifungua kinywa, wenzake wakamtazama, akakifumba. Walipakia winchi kwa ishara, kama watu wanaotoka chumba cha mtoto aliyelala, wakapanda, wakashuka barabara ya mawe, na walikuwa wamekwisha kukipita kituo cha polisi ndipo mmoja wao alipothubutu kusema neno.

Sabina alitoka kizingitini akaingia ndani. Alisimama upande wake, mkono kiunoni, akawahesabu wenzake kwa macho. Kisha akauambia mlango alichotaka, na haukumuuliza kitu.